Picha ya Mapenzi Isiyo na Mvua: Dhana Potofu na Ukweli

Mombasa imekua na picha za Kihindi, ambamo mapenzi huja na mvua, wimbo na mtoto wa tajiri. Ikija filamu ya fundi cherehani na fundi umeme wanaopendana huku kodi ya nyumba ikiwadai, wengi huihukumu kwa vipimo visivyo vyake.

Dhana: "Hamna mapenzi humu, ni kazi tu."

Mapenzi yenyewe yamo ndani ya hiyo kazi. Mtu anayetoka saa kumi alfajiri kuwahi mzigo soko la Kongowea na kufunga saa mbili usiku amebakiwa na saa chache mno. Akikupa moja, amekupa kitu kikubwa kuliko maua. Kwa hivyo tazama mambo matatu: wanakutana saa ngapi, nani analipa, na kazi gani imeachwa nusu. Tuseme binti anakaa Likoni. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, lakini foleni hula muda. Kijana akivuka naye hadi ng'ambo kisha akarudi peke yake, ameshatamka, ingawa hakufungua mdomo. Anayengoja wakumbatiane hataliona hilo. Katika *The Lunchbox* ya Ritesh Batra (2013), chakula cha mchana mjini Mumbai kinapelekwa kwa asiye mwenyewe, barua zinaanza kusafiri ndani ya vyombo, na wawili hao hawaketi meza moja hata siku moja. Mapenzi yamejaa tele.

Dhana: "Yanajirudia haya, peleka mbele."

Asubuhi ya kwanza fundi cherehani anafungua kibanda peke yake. Ya pili, pana kikombe cha chai juu ya meza. Ya tatu, viwili. Ukiruka dakika mbili hapo, uchumba utakuangukia kama embe bichi. Sauti nazo zina kazi: cherehani ikinyamaza ghafla, kuna aliyeingia. Spika ya simu humeza sauti ndogo kama hizo, basi vaa za masikioni. Nakala zilizotafsiriwa na DJ zina raha yake kwenye picha za ngumi, ila hapa sauti yake hufunika kimya chote.

Dhana: "Uhalisia ni kuwasha kamera tu."

Hata kidogo. Uongo huonekana mikononi: muuza viazi karai mwenye vidole visivyo na manjano, au kuli mwenye shati lililopigwa pasi saa tisa mchana.

Dhana: "Wasipooana, imeharibika."

Uliza kama mwisho umetokana na jasho tuliloliona. Binti anayeweka shilingi 50 kila siku hupata 18,250 kwa mwaka. Akifungua duka la vioo barabara kuu mwezi wa sita, bila mkopo wala chama, mwandishi ameiba hesabu, na harusi itakayofuata nayo imekopwa humo humo.