Wimbo haujipeleki wenyewe kwenye tuzo

Orodha ya wanaowania Tuzo za Muziki Tanzania, hizi TMA, ikitoka tu simu yangu haitulii. Mimi ni afisa utamaduni wa halmashauri, orodha sipangi mimi, ila mtu akikosa jina la msanii wake ananipigia kama vile nimelifuta kwa mkono wangu. "Kabaniwa huyo!" Huwa nauliza kitu kimoja tu, kazi aliipeleka? Hapo wengi wanakaa kimya.

Iko hivi, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ndo wanasimamia hizi tuzo na wanafungua dirisha la kupokea kazi. Msanii au menejimenti yake wanapeleka wimbo na wanataja kipengele wanachotaka kushindania. Usipopeleka haupo, hata kama wimbo wako unapigwa kwenye kila daladala kuanzia Mbagala mpaka Bunju. Alafu kuna suala la tarehe, kila msimu unaangalia kazi zilizotoka ndani ya kipindi fulani, kwahiyo wimbo unaobamba leo hii inawezekana kwenye tuzo za mwaka huu haumo kabisa na wala hakuna aliyekuonea.

Kura nazo zinawachanganya watu. Mashabiki wanapiga, majaji nao wana sehemu yao, ndo maana mwenye wafuasi wengi Instagram anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Grammy za Marekani ndo kabisa, shabiki hapigi kura hata moja, wanachama wa ile akademi yao ya watu wa muziki tu ndo wanachagua. Mimi binafsi naona mchanganyiko wa kwetu una afya, japo najua wapo watakaonitukana hapa.

Kitu ninachotaka watu wakielewe zaidi ni hii historia. Tuzo zilianza mwaka 1999, kwa miaka mingi tukaziita Kili kwa sababu bia ya Kilimanjaro ndo ilikuwa mdhamini. 2014 Diamond akabeba 7 usiku mmoja, mtaani hatukulala. Baada ya 2015 zikasimama, mpaka 2022 ndo zikarudi. Hebu fikiria hiyo miaka katikati! Muziki wa singeli umetoka uswahilini Dar mpaka majukwaa ya Ulaya, Rayvanny kapata tuzo ya BET Marekani mwaka 2017, nyumbani hakuna hafla ya taifa ya kumpigia makofi. Mtu akitaka kujua wimbo bora wa taifa wa 2018 ulikuwa upi hatapata jibu, kila mtu atakutajia wa kwake. Tuzo ni kumbukumbu bana, na kumbukumbu ikimtegemea mdhamini, mdhamini akiondoka nayo inaondoka.

(Na sio kila heshima inakuja na kura. Bi Kidude, bibi yetu wa taarab wa Zanzibar, 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya kimataifa ya muziki, hakuomba mtu ampigie.)

Halafu tuzo sio mirabaha, hili nalisema mpaka koo linakauka. Kile kikombe hakikupi hela wimbo ukipigwa redioni wala hakikufanyi uwe mwenye wimbo. Mwenye wimbo ni aliyetunga, haki inaanza pale kazi inapotungwa, na ukisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, unakuwa na ushahidi siku mkigombana. Na mtagombana, nimeshaona sana.

Kuna kijana mmoja aliwahi kuja ofisini siku chache kabla dirisha halijafungwa, ana wimbo mkali kweli, nikamuuliza biti katengeneza nani akasema producer fulani, wameelewana shilingi ngapi, hakumbuki, wameandikishana wapi, hawakuandikishana, kiitikio kaimba nani, "dada mmoja hivi wa pale studio". Nikamwambia nenda kawatafute wote wawili mwandike hata karatasi moja mtie sahihi, kwasababu ukishinda watajitokeza na hapo hamtaelewana tena. Producer alimpata siku hiyohiyo. Yule dada ilichukua wiki mbili, alikuwa kahamia Mwanza, na dirisha lilishafungwa. Karatasi yao ninayo kwenye faili, wamegawana sehemu tatu sawa, wimbo mwingine wameshaurekodi na safari hii wamekuja kuniona kabla hata haujatoka.