Mtaalamu wa Usafi wa Meno Anayejitegemea Atatofautianaje na Kliniki ya Jirani?

Tangu tarehe 1 Septemba 2007, mtaalamu wa usafi wa kinywa na meno katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, akishaidhinishwa na bodi ya taaluma yake, anaweza kusafisha meno na fizi za mgonjwa kwa uamuzi wake mwenyewe, bila kusubiri agizo la daktari wa meno. Colorado, nchini Marekani, ilitangulia mwaka 1987, na Uingereza ikafuata Mei 2013. Kwa ruhusa hiyo baadhi yetu tuliacha ajira katika kliniki za madaktari tukafungua vyumba vyetu wenyewe, lakini ruhusa haikuja na wagonjwa. Msomaji wa Tanzania asinichanganye na tabibu wa meno: mimi sing'oi jino wala sizibi tundu. Kazi yangu ni fizi, ukoga na kinga, na ninawaandikia hasa wenzangu wanaozungumza Kiswahili ambao wanafikiria kujitegemea huku Kanada.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kushindana kwa bei. Kazi ya kuondoa ukoga hapa hutozwa kwa vipande vya dakika 15, nami nikashusha ada ya kila kipande nikiamini kwamba watu wangehama kutoka kliniki ya ng'ambo ya barabara. Walihama kweli, kisha wakarudi huko huko mara tu walipopata punguzo. Waliobaki nikawahudumia mbiombio ili nilipe kodi ya chumba, yaani nikawa kliniki ile ile niliyoikimbia, ila bila daktari na bila mashine zake. Ndipo nilipojiuliza nina kitu gani ambacho jirani yangu hana. Jibu lilikuwa muda, na muda hauna thamani kwa mgonjwa mpaka aone umetumika kwa jambo gani.

Mgonjwa mpya mimi humpa saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo huenda kwenye kupima fizi. Kila jino hupimwa mahali sita, kuona kina cha mwanya ulio kati yake na ufizi, kwa hiyo mtu mzima mwenye meno 28 hutoka na tarakimu 168, ambazo nazisoma kwa sauti ninapoziandika. Anasikia mbili, tatu, mbili, tatu. Ghafla anasikia sita, na macho yanafunguka. Hapo ndipo ninapomwonyesha kwa kioo kwamba milimita moja hadi tatu ni hali ya kawaida, na kwamba kuanzia nne, hasa pale panapotoka damu, ufizi umeanza kuachana na jino na ukoga mgumu umejificha mahali ambapo mswaki haufiki. Karatasi ya vipimo nampa aende nayo nyumbani. Baada ya miezi mitatu tunapima tena, na mtu aliyeona sita yake imekuwa nne hahitaji kushawishiwa kurudi. Isiposhuka, nampeleka kwa bingwa wa magonjwa ya fizi, na kama ana kisukari namwomba pia azungumze na daktari wake, kwa sababu sukari isiyodhibitiwa huchochea ugonjwa wa fizi, na fizi zenye uvimbe nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka.

Vipimo hivyo ndivyo vilivyonipatanisha na madaktari wa meno wa mtaani, ambao mwanzoni walituona kama watu waliokuja kuwanyang'anya riziki. Kila ninapoona doa linalonitia shaka kuwa ni tundu, au kidonda ambacho hakijapona kwa wiki mbili, naandika barua fupi yenye vipimo na tarehe, kisha nafuatilia kama mgonjwa amefika. Daktari aliyepokea barua kumi za namna hiyo huanza kukuletea watu wake wenye fizi sugu. Nadhani barua zimeniletea kazi kuliko matangazo yote niliyowahi kulipia.

Hata hivyo, mahali ambapo tofauti yetu huonekana zaidi ni nje ya chumba. Kliniki humngoja mgonjwa aje, ilhali wazee wengi walio katika nyumba za matunzo hawawezi kwenda popote. Mimi hubeba taa ya kichwani, mashine ndogo ya kunyonya mate na vifaa vilivyofungwa katika pakiti zake, nikamhudumia mzee akiwa kitandani au kwenye kiti chake cha magurudumu. Nakumbuka bibi mmoja mwenye asili ya Mombasa ambaye alikuwa amekataa kufungua kinywa kwa kila mtu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na katika mazungumzo akakubali kunionyesha meno ya bandia ambayo hayakuwa yametolewa usiku kwa muda mrefu. Ufizi uliokuwa chini yake ulikuwa mwekundu kama pilipili. Meno ya asili yaliyobaki yalikuwa yakioza shingoni, yaani pale jino linapokutana na ufizi, kwa sababu dawa zake zilimkausha mate. Nilisafisha, nikapaka vanishi ya floridi, dawa ya kukinga meno yasioze, lakini kilichokuwa na manufaa zaidi kwake ni nusu saa niliyokaa na wahudumu kuwaonyesha namna ya kuyatoa meno hayo kila usiku, kuyasugua na kuyaweka katika chombo chenye jina lake. Uchafu wa kinywa ukivutwa mapafuni huweza kumletea mzee nimonia, na mkuu wa nyumba ya matunzo anayelielewa hilo hatakuuliza bei kwanza.

Kuhusu malipo, sema mapema. Mpango wa serikali ya Kanada wa huduma za meno, ulioanza kutoa huduma Mei 2024 kwa kuanzia na wazee, unawalipia pia wanaokuja kwetu, lakini viwango vyake si lazima vilingane na ada yako, na baadhi ya familia hulipa sehemu yao kulingana na kipato. Mimi humwambia mtu kiasi atakachotoa mfukoni kabla hajakaa kitini. Aliyeshtukizwa na bili mlangoni hasahau, na jamii zetu huku zinasimuliana.

Usafi wa vifaa nao uonekane. Pakiti naifungua mbele ya mgonjwa, na daftari la majaribio ya mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ambayo huijaribu kwa vijidudu sugu vya kipimo kila siku ninapoitumia, liko mezani kwa yeyote anayetaka kulisoma. Wanaolifungua ni wachache sana. Mmoja wao alikuwa fundi mstaafu wa maabara. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa huku mimi nikimngoja na glavu mkononi, na wiki iliyofuata akamleta mkewe.