Ndama Aliyekatwa Vipande Viwili: Agano la Sedekia na Watumwa wa Yerusalemu

Wanafunzi wangu wa Agano la Kale hutarajia kwamba somo la agano litaanzia mlimani Sinai, penye ngurumo, moshi na mbao mbili za mawe. Mimi hulianzia katika Yeremia 34, sura ambayo wahubiri wengi huiruka kwa kuwa haina ahadi ya kudai wala muujiza wa kusimulia. Humo tunasoma habari za agano lililofungwa hekaluni mbele za Mungu, likatekelezwa kwa muda mfupi, kisha likavunjwa na watu walewale waliolifunga. Sijui sehemu nyingine ya Maandiko inayoonyesha waziwazi kiasi hiki kwamba uaminifu wa Israeli kwa Mungu wao ulipimwa kwa jinsi mtu alivyomtendea yule asiyekuwa na uwezo wa kumdai.

Sedekia alikuwa mfalme wa mwisho wa Yuda. Nebukadreza wa Babeli ndiye aliyemketisha katika kiti cha enzi mwaka 597 K.K., baada ya kumchukua mateka Yehoyakini, mwana wa ndugu yake. Baadaye Sedekia aliasi, na mapema mwaka 588 K.K. jeshi la Babeli likauzingira Yerusalemu. Yeremia 34:7 inataja miji miwili tu yenye maboma iliyokuwa bado imesimama katika Yuda nje ya Yerusalemu, nayo ni Lakishi na Azeka. Mwaka 1935 wachimbaji wa mambo ya kale walioongozwa na James Leslie Starkey walipata katika magofu ya Lakishi vigae vilivyoandikwa kwa wino, ambavyo ni barua za kijeshi za siku za mwisho za ufalme huo. Na katika kimojawapo mwandishi anamwarifu mkubwa wake kwamba wanazitazamia ishara za moto za Lakishi, kwa maana za Azeka hawazioni. Wako wanaodai kwamba barua hiyo inathibitisha kuwa Azeka ilikuwa imekwisha kuanguka, jambo ambalo barua yenyewe haisemi. Hata hivyo inatusogeza karibu na hofu ya watu waliokuwa wakitazama upeo wa macho usiku kucha, wakihesabu miji iliyobaki.

Ndani ya hofu hiyo Sedekia alifanya agano na watu wote wa Yerusalemu kwamba kila mtu amwache huru mtumwa wake Mwebrania, mwanamume na mwanamke. Watumwa wa namna hiyo kwa kawaida waliingia utumwani kwa njia ya deni. Mjane wa 2 Wafalme 4 alimlilia Elisha kwa sababu aliyemwia marehemu mumewe alikuwa amekuja kuwatwaa wanawe wawili wawe watumwa. Torati ilikuwa imeliwekea jambo hili mpaka: Kutoka 21 inaamuru kwamba mtumwa Mwebrania atumike miaka 6, na katika mwaka wa 7 atoke huru bila kulipa kitu, Kumbukumbu la Torati 15 inaongeza kwamba asiondoke mikono mitupu, bali apewe kwa ukarimu katika kondoo, nafaka na divai ya bwana wake, kwa sababu Israeli yote ilikuwa mtumwa Misri kabla Bwana hajaikomboa. Wafalme wa Babeli ya kale nao waliwahi kutangaza maondoleo ya madeni. Amri ya Ammisaduka, wa karne ya 17 K.K., imetufikia katika vibao vya udongo. Lakini kule msamaha ulikuwa hisani ya mfalme, alioutoa alipoona vema. Katika Israeli uhuru wa mwaka wa 7 ulikuwa sharti la agano lenyewe, na Yeremia anasema bila kuficha kwamba baba zao hawakulisikiliza. Sedekia basi hakuwa akiwapa watumwa zawadi. Alikuwa akiwarudishia haki yao iliyocheleweshwa.

Kwa nini aliwarudishia wakati huo na si mapema zaidi? Wafafanuzi wamependekeza kwamba mji uliozingirwa ulihitaji watu huru wa kulinda kuta, au kwamba mabwana waliona nafuu kupunguza midomo ya kulisha chakula kilipoanza kupungua. Yote yanawezekana, na Biblia haitaji nia. Kinachonishangaza mimi ni mstari wa 15, ambapo Mungu mwenyewe anakiri kwamba siku ile walitenda yaliyo sawa machoni pake. Hakuitupilia mbali toba yao kwa sababu ilizaliwa na hofu. Tunaowasimanga watu kwa kumkumbuka Mungu wakiwa wodini tungefanya vema kuutafakari mstari huo.

Namna agano hilo lilivyofungwa inastahili maelezo ya kutosha. Ndama alikatwa vipande viwili, navyo vikawekwa mkabala. Kisha wakuu wa Yuda na wa Yerusalemu, matowashi, makuhani na watu wote wa nchi wakapita katikati yake. Tendo hilo lilieleweka katika nchi nyingi za Mashariki ya Karibu. Katika mkataba wa Kiaramu uliochongwa kwenye mawe ya Sefire, nchini Syria, katikati ya karne ya 8 K.K., imeandikwa kwamba kama ndama huyu akatwavyo, vivyo hivyo akatwe Matiel mfalme wa Arpadi pamoja na wakuu wake iwapo atakuwa mwongo. Apitaye kati ya vipande hujitakia mwenyewe yaliyompata mnyama. Kwa hiyo wakuu wa Yerusalemu hawakutia sahihi tamko la nia njema; walijiapiza laana kwa miguu yao wenyewe, ndani ya nyumba iliyoitwa kwa jina la Bwana.

Kisha habari zikabadilika. Yeremia 37 inaeleza kwamba jeshi la Farao lilitoka Misri, na Wakaldayo, yaani Wababeli, waliposikia wakaondoka Yerusalemu. Farao wa wakati ule alikuwa Hofra, ambaye Yeremia anamtaja kwa jina katika sura ya 44. Malango yakafunguka, hewa ikaingia, watu wakaanza tena kufikiria mashamba. Shamba linahitaji mikono. Wale waliokuwa wamewaacha watumwa wao huru wakawarudisha na kuwatia tena utumwani. Hatuelezwi kwamba palikuwa na kikao hekaluni cha kulifuta agano, wala kwamba kuhani yeyote alisimama kulipinga. Na kumbuka kwamba makuhani walikuwa miongoni mwa waliopita kati ya vipande vya ndama. Kuta zilipokuwa hatarini, mtumwa alikuwa ndugu. Hatari iliposogea mbali, akawa tena mali.

Sedekia alikuwa na historia katika jambo hili. Mambo ya Nyakati wa Pili 36:13 inasema kwamba alikuwa amemwasi Nebukadreza aliyemwapisha kwa Mungu, na Ezekieli 17 inakiita kiapo hicho, alichokula mbele ya mfalme mpagani, kiapo cha Mungu mwenyewe, na kutangaza kwamba aliyekidharau hataokoka. Mfalme huyu alivunja kiapo chake kwa aliyemzidi nguvu, na raia zake wakavunja chao kwa wanyonge kuliko wao. Babeli ilikuwa na jeshi la kudai kiapo chake. Mjakazi wa Yerusalemu hakuwa na wa kumsemea, na ndiyo maana Bwana alilichukua shauri lake kuwa la kwake: kumrudisha mtu utumwani, anasema katika mstari wa 16, ni kulitia unajisi jina lake.

Hukumu inafuata umbo la kosa. Kwa kuwa hawakuwatangazia ndugu zao uhuru, Bwana anawatangazia wao uhuru wa namna nyingine, yaani wa kuwaendea upanga, tauni na njaa. Mizoga yao itakuwa chakula cha ndege wa angani, laana iliyoandikwa katika Kumbukumbu la Torati 28. Na jeshi lililoondoka litarudi. Lilirudi kweli, na mji ukateketezwa.

Sasa, jambo hili linatuhusuje sisi? Niseme kwanza lisilotuhusu. Tanzania si Yuda, na hakuna taifa la leo lenye haki ya kujichukulia baraka na laana za Kumbukumbu la Torati kana kwamba lilisimama Sinai; sisi watu wa mataifa tumeingizwa kwa neema, kwa njia ya Kristo. Pili, nimechoshwa kidogo na mahubiri yetu ya kuvunja maagano. Kila mkesha tunavunja maagano ya mababu, ya ukoo na ya madhabahu za giza, ilhali ni nadra sana kusikia mhubiri akiuliza kuhusu maagano mema ambayo sisi wenyewe tumekwisha kuyavunja. Kati ya waumini wanaokesha kudai mpenyo kwa Bwana wamo waliomwacha nyumbani dada wa kazi anayewadai mshahara wa miezi kadhaa, ambaye waliahidi mbele ya wazazi wake kijijini kwamba watamlea kama binti yao na kumpeleka kujifunza ushonaji. Ahadi ile haikuandikwa popote, na binti hana pa kwenda kushtaki. Kwa mizani ya Yeremia 34, hesabu ya agano la watu hao na Mungu inaanzia jikoni kwao, kabla ya kufika kanisani.

Huenda msomaji akajibu kwamba tuko chini ya agano jipya. Ni kweli, na aliyelitangaza ni Yeremia huyuhuyu, sura tatu kabla ya habari hizi. Ila agano hilo halikuja na torati nyepesi zaidi: Bwana anaahidi kuiandika torati yake mioyoni, na hasemi kwamba ataifuta. Kilichobadilika ni mahali laana inapoangukia. Katika Mwanzo 15, Abramu alipasua wanyama, akawafukuza ndege walioishukia mizoga, kisha usingizi mzito ukamshika. Tanuru ya moshi na mwenge unaowaka, ishara za Mungu mwenyewe, ndivyo vilivyopita kati ya vipande, naye Abramu hakupita. Mungu alijifunga peke yake. Ninaposoma Luka 22, ambapo Yesu anakiita kikombe kuwa agano jipya katika damu yake, namwona Yeye aliyepita peke yake kati ya vipande akiubeba mwilini mwake mkato waliostahili wakuu wa Yerusalemu, nami pamoja nao. Paulo aliyafahamu matokeo yake alipomwandikia Filemoni kuhusu Onesimo, akimtaka ampokee si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa.

Kosa lilelile lilirudi katika mji uleule karibu miaka 140 baadaye, siku za Nehemia, liwali aliyetoka kwa Artashasta, mfalme wa Uajemi, mwaka 445 K.K. Wayahudi walikuwa wakijenga ukuta huku wana na binti zao wakitiwa utumwani kwa madeni waliyowiwa na ndugu zao wenye mali. Nehemia aliitisha mkutano, akawaapisha wakopeshaji mbele ya makuhani. Lakini kabla ya kuwaapisha alikuwa amekwisha kutaja, kimoja kimoja, vitu vya kurudishwa siku hiyohiyo: mashamba, mizabibu, mizeituni, nyumba, na sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta waliyokuwa wakitoza. Maandiko yanasema kwamba safari hiyo watu walifanya kama walivyoahidi.