Hodi moja tu: pini ya INT kwenye chipu ya kuchaji

Mgeni muungwana hupiga hodi mara tatu. BQ25895, chipu ya kuchajia betri ya Texas Instruments, hupiga mara moja, kwa mikrosekunde 256, kisha inanyamaza. Usiposikia, shauri yako.

Hodi yenyewe hupita kwenye pini ya INT (kifupi cha “interrupt”, yaani kumkatiza prosesa anachofanya). Pini hii inajua kuvuta waya chini tu, karibu na volti sifuri. Kuupandisha ni kazi ya rezista, kwa kawaida ya kiloomu 10. Ukiisahau, waya unaning'inia na prosesa inasikia mizimu. Na usiikague pini kila milisekunde 10 ukadhani utaikuta chini. Iambie prosesa ishtuke volteji inaposhuka.

Ila hodi haisemi nani yuko mlangoni. Chaja imechomekwa, imechomolewa, betri imejaa, kuna hitilafu: mpigo ni uleule. Inabidi uiulize chipu kwa I2C, njia ya nyaya mbili ambayo chipu huzungumza nayo, anwani 0x6A. Majibu yako kwenye rejista, visanduku vidogo vya kumbukumbu ndani ya chipu: REG0B inatoa hali ya kuchaji, REG0C inatoa hitilafu.

Hapo ndipo niliumia siku mbili. Programu yangu ilikuwa ikiamshwa inasoma REG0B peke yake, maana nilitaka kujua kama betri inachajiwa, basi. Sasa, chipu ina saa ya ulinzi: prosesa isipoigusa ndani ya sekunde 40 (muda wake usipoubadilisha), mipangilio yako mingi inafutwa na hitilafu inaandikwa kwenye REG0C. Hodi ikapigwa, nikasoma rejista isiyohusika, nikarudi kulala. Kumbe hitilafu isiposomwa, chipu haitoi hodi kwa hitilafu nyingine mpya. Nikapasha joto kihisi cha betri kwa mashine ya kukaushia nywele, macho kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora volteji: mstari umenyooka kwenye volti 3.3, hakuna hodi. Nilishabadilisha hadi bodi.

Nilipoanza kusoma REG0C nikapata 0x80, yaani saa ya ulinzi imeisha, ilhali nilikuwa nimeshaigusa upya kupitia REG03. Ni kwamba usomaji wa kwanza unakupa hitilafu iliyohifadhiwa. Wa pili, papo hapo, ndio unaokupa hali ya sasa. Nikasoma mara mbili mfululizo: 0x80, halafu 0x00, yaani hakuna hitilafu.

Wengine huizima saa hiyo kabisa wapumue. Mimi naiacha, na ule usomaji wa kwanza siutupi: nauandika kwenye kumbukumbu, kwa sababu ndio unaonieleza kilichotokea prosesa ikiwa imelala.