Si gunia la korosho

Kila msimu wa korosho hapa Mtwara nayasikia maneno haya wodini: mtoto kazaliwa na kasoro kwa sababu mama yake alibeba magunia. Bibi mmoja alinishika mkono kabisa. "Mwanangu daktari, huyu nilimkataza, hakusikia."

Mjukuu wake alikuwa akitoka povu jeupe mdomoni, ukilifuta linarudi. Alipowekwa titi alipaliwa mpaka midomo na ulimi vikawa bluu. Nikampitisha mpira mwembamba mdomoni uende tumboni. Ukafika sentimita 10, ukagoma. Umio, njia ya chakula kutoka koo kwenda tumboni, ulikuwa umeziba.

Umio huanzia kwenye endodemu, tabaka la ndani kabisa la kiinitete, yaani mtoto akiwa bado mimba changa. Wiki ya tatu tangu mimba kutungwa, sisi sote tulikuwa bapa, dogo kama punje ya mchanga. Seli za juu huanza kuzama kupitia mfereji mwembamba ulio katikati, na zinazotangulia kushuka ndizo zinazotandika endodemu. Zinazofuata hufanya tabaka la kati. Zinazobaki juu huwa ngozi na ubongo. (Mwanasayansi Christian Pander aliyaeleza matabaka haya kwenye mayai ya kuku mwaka 1817.)

Wiki ya nne bapa linajikunja kama mkeka, na endodemu inakuwa bomba kutoka koromeo hadi njia ya haja kubwa. Kwenye bomba hilo huchipua ini, kongosho na tezi ya shingo. Utando wa ndani wa utumbo ndio unaotoka kwenye endodemu. Misuli inayouzunguka utumbo inatoka tabaka la kati.

Mapafu nayo huchipua hapohapo, na hili ndilo ninalopenda kulieleza kuliko yote. Ukuta wa mbele wa bomba unavimba kidogo, kisha bomba moja linagawanyika mawili: njia ya hewa mbele, umio nyuma. Seli za mbele huwasha jeni ya NKX2-1, za nyuma SOX2, na kila upande hushika njia yake. Mgawanyo huo ukivurugika, umio unaweza kuishia njiani, na mara nyingi kipande cha chini kinabaki kimeungana na njia ya hewa. Hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya 3,500, na dawa yake ni upasuaji. Kabla ya hapo asipewe kitu mdomoni, kichwa kiinuliwe, mate yavutwe mara kwa mara.

Nilikaa na yule bibi tukahesabu miezi. Mtoto kazaliwa Januari, mimba ilitungwa Aprili, bomba lilipaswa kugawanyika Mei, mikorosho haijatoa hata maua.

"Kwa hiyo alipobeba lile gunia, koo lilikuwa limeshaumbika?"

"Zamani sana, bibi."

Hakujibu. Alikwenda kukaa kitandani kwa binti yake, akamshika miguu, akaanza kuikanda.