Je, wajua? Mwaka ulioandikwa mguuni mwa mdoli si mwaka uliotengenezwa

Geuza mdoli wa zamani wa Luke Skywalker, mhusika wa filamu ya Star Wars, uliotengenezwa na kampuni ya Kenner, uangalie nyuma ya mguu. Utakuta maandishi madogo yaliyochomoza kwenye plastiki: GMFGI 1977. Wauzaji wengi huunakili mwaka huo kwenye tangazo, na mnunuzi huamini anapata kitu cha 1977.

Sivyo. Mwaka 1977 midoli hiyo haikuwapo madukani. Filamu ya Star Wars ilipendwa ghafla kuliko Kenner ilivyojiandaa, na Krismasi ya mwaka huo wazazi waliuziwa bahasha ya kadibodi yenye cheti cha kuagizia. Midoli yenyewe ilifika 1978. GMFGI ni kifupi cha General Mills Fun Group, kampuni mama ya Kenner, na 1977 ni mwaka wa hakimiliki tu.

Kwa nini basi mwaka huo unaonekana hata kwenye midoli iliyotoka baadaye sana? Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa humo. Maandishi yamechongwa ndani ya kalibu, wala hayapigwi juu ya mdoli mmoja mmoja. Ni kama fundi wa matofali aliyechonga mwaka kwenye kalibu yake: akiitumia miaka saba, tofali la mwisho litatoka na mwaka uleule wa la kwanza. Na kalibu ya chuma ni ghali, hakuna kiwanda kinachoitupa kwa sababu mwaka umepita. Mattel, kampuni nyingine ya midoli, walikwenda mbali zaidi. Mdoli wao He-Man aliingia sokoni 1982 akiwa na 1981 mgongoni, na kwa kuwa kiwiliwili kilekile kilitumika kwa wahusika wengine waliokuja baadaye, nao wakabeba 1981 hiyohiyo.

Umri hutafutwa kwingine, na hapo ndipo lugha ya wakusanyaji inapoanza kuwa na maana. COO ni nchi ilikotengenezwa, iliyoandikwa karibu na mwaka: Hong Kong, Taiwan, China. Uzalishaji ukihamishwa, jina la nchi liliweza kufutwa kwenye kalibu, na kovu la kufutwa likabaki kwenye kila mguu uliotoka baada ya hapo. Kovu hilo hunipendeza kuliko mwaka wenyewe, maana lina habari ya kweli. Hata hivyo kalibu kadhaa zilitumika kwa mdoli mmoja, kwa hiyo COO peke yake haitoshi kutaja mwaka.

Kadi, yaani kadibodi ambayo mdoli hufungwa juu yake ukiuzwa dukani, husaidia zaidi. “12-back” ni kadi ya Kenner inayoonyesha midoli 12 kwa nyuma, yaani ile ya mwanzo ya 1978. Safu ya midoli ilipoongezeka zikaja 20-back na 21-back. Luke ni yuleyule, kadi ndiyo inayotofautiana, na bei hufuata kadi.

MOC maana yake mdoli bado umefungwa kwenye kadi yake; MISB ni sanduku lisilofunguliwa. Kadi inaweza kuwa imekunjika na kiputo cha plastiki kinachofunika mdoli kimegeuka njano, bado muuzaji akaandika MOC. Hali hupimwa kando: C1 hadi C10 ni makadirio ya muuzaji mwenyewe, ilhali alama za AFA, kwa mfano 85 kati ya 100, hutolewa na kampuni ya ukaguzi. Neno “vintage” nalo lisomwe kwa makini, kwani kampuni ya Hasbro, waliorithi Kenner, huuza midoli mipya kwenye kadi zenye sura ya zamani.

Mdoli ulio nje ya kadi ukiitwa “kamili”, ulizia silaha. Nyingi hazina maandishi yoyote, ndiyo maana hughushiwa sana. Wapo wanaozitia majini: asili nyingi huelea, za kughushi nyingi huzama, lakini si zote, na plastiki nyepesi huelea hata ikiwa imetengenezwa jana. Kabla ya kulipa, omba picha ya silaha pande zote na ya nyuma ya miguu yote miwili.