Soko ni kitu kimoja, haki ya eneo ni kitu kingine

Mjadala wa hoki ya barafu ukigusa Toronto, Kanada, hakosi mtu wa kusema: "Watu wamejaa, pesa ipo, tiketi za Maple Leafs, timu ya mji huo, ni za kugombania. Timu ya pili inakosekanaje?" Miaka ikipita bila timu hiyo, huyohuyo anageuka na kudai soko halitoshi.

Soko ni watu walio tayari kulipa: tiketi, televisheni, vyumba vya makampuni uwanjani. Basi. Haki ya eneo ni kinga ambayo NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, huipa klabu, ndani ya maili 50 (kama kilomita 80) kutoka mpaka wa mji wake. Wateja wanaweza kujaa humo na bado ukazuiwa kufungua duka.

Sisi wa soka jambo hili hutupiga chenga. Azam walipanda hadi Ligi Kuu wakiwa Dar es Salaam ileile ya Simba na Yanga, na hawakumwomba mtu ruhusa. NHL haina kupanda daraja. Nafasi inanunuliwa, na wauzaji ndio hao hao wenye timu. Seattle, iliyoanza kucheza 2021, ililipa dola milioni 650.

Watu hutaja New York, yenye timu tatu, kama ushahidi kwamba utajiri unatosha. Wanasahau kwamba Islanders walipoingia mwaka 1972 iliwabidi wawalipe Rangers fidia ya eneo. Timu ya Anaheim, mji jirani na Los Angeles, nayo mwaka 1993 ilitoa ada ya dola milioni 50, na nusu yake ikaishia kwa Los Angeles Kings.

Hamilton, mwendo wa saa moja hivi kutoka Toronto, ina uwanja tangu 1985. Mwaka 2009 tajiri Jim Balsillie alitaka kuinunua Phoenix Coyotes, timu ya Marekani iliyofilisika, na kuihamishia huko. Wamiliki wenzake watarajiwa walimkataa kwa kura 26 kwa bila, wakisema hafai kuwa mwenzao. Sababu waliyotoa haikuwa kwamba Hamilton haina mashabiki. Phoenix, eneo kubwa lenye pesa zake, liliendelea na timu inayopata hasara, hadi wachezaji wakahamishiwa Salt Lake City mwaka 2024.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kusini mwa Ontario, jimbo lenye Toronto na Hamilton, kunabeba timu nyingine, mimi sina shaka. Ila swali la kwa nini haipo usilipeleke kwa wanunuzi wa tiketi. Wapelekee Leafs, kisha uvuke mpaka uingie Marekani ukawaulize Sabres wa Buffalo, maana nao wana mashabiki wao upande wa Ontario.